Mji Una Ziada, Kodi ya Nyumba Inapanda: Jinsi ya Kuishusha kwa Fedha za Akiba Huko Massachusetts

Wapo Wakenya, Wakongo na Watanzania wengi walioanza maisha Lowell au Worcester kwa kupanga, wakajikusanya, kisha wakanunua nyumba katika miji midogo ya pembeni. Huko ndiko wanakokutana na bili ya kodi ya nyumba, yaani kodi ambayo mwenye nyumba anaulipa mji (property tax), si pango, na ambayo kwa kawaida haijui kushuka. Halafu vuli ikifika wanasikia kwamba mji wao umefunga hesabu za mwaka na mamilioni ya dola yamebaki. Swali linakuja lenyewe: kama zimebaki, kwa nini zisirudi kwa waliozitoa?

Zinaweza kurudi. Sheria ya Massachusetts inaruhusu, fomu ya serikali ina mstari wake maalumu kwa jambo hilo, na raia wa kawaida anaweza kulifikisha kwenye kura. Ila hizi ni fedha za mara moja. Zikitumika bila mpango, kodi inashuka mwaka huu na kuruka mwakani, na yule mzee mwenye pensheni uliyetaka kumsaidia ndiye anayeumia zaidi. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama mji upunguze kodi. Uliza upunguze kwa kiasi gani, kwa miaka mingapi, na kitakachobaki ni kiasi gani.

Kodi inavyopatikana

Aliyezoea Tanzania, ambako tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kidogo kidogo kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) kwa kiwango kilichopangwa na serikali kuu, atahitaji kugeuza kichwa kidogo. Massachusetts kiwango cha kodi hakipangwi mwanzoni. Kinapatikana mwishoni, kwa kutoa na kugawanya.

Mji unajumlisha kwanza mahitaji yake yote: shule, polisi, zimamoto, barabara, pensheni, madeni. Unatoa mapato yasiyo kodi ya nyumba, yaani ruzuku ya jimbo, kodi ya magari, ada na faini. Kinachobaki ndicho wenye nyumba na biashara wanagawana kulingana na thamani ya mali zao.

Tuchukue mji wa mfano. Mahitaji ni dola 60,000,000. Mapato mengine ni dola 18,000,000. Zinazobaki kukusanywa kwa kodi ni dola 42,000,000. Thamani ya mali zote mjini ni dola 3,000,000,000. Gawanya, na kiwango kinakuwa dola 14.00 kwa kila dola 1,000 za thamani. Mwenye nyumba ya dola 500,000 analipa dola 7,000 kwa mwaka.

Sasa mji ukiamua kuingiza dola 900,000 kutoka akiba, zinakwenda upande wa mapato. Za kukusanya zinabaki dola 41,100,000, kiwango kinashuka hadi dola 13.70, na bili ya nyumba ile inakuwa dola 6,850. Punguzo ni dola 150. Kumbuka namba hii kabla hujaanza kuhamasisha majirani, maana wengi wakisikia "karibu dola milioni moja" wanategemea kikubwa zaidi. Kumbuka pia kwamba jirani mwenye nyumba ya dola 1,500,000 anapata dola 450. Punguzo la aina hii linafuata thamani ya nyumba na halijali nani ana shida.

Akiba si chungu kimoja

Hapa ndipo hoja nyingi za wananchi zinapovunjikia. Mtu anasimama kwenye mkutano wa mji (town meeting), ambako wapiga kura wenyewe hupitisha bajeti, anasema mji una dola milioni 12 benki, mhasibu anajibu kwa upole kwamba milioni 9 kati ya hizo haziwezi kuguswa, na hoja imekufa. Zitenganishe mapema.

Chungu cha kwanza, na ndicho kikuu kwa kazi hii, ni ziada iliyothibitishwa na jimbo. Kwenye karatasi za mji utaiona ikiandikwa Free Cash. Humu nitaiita fedha huru. Inatokana na vyanzo viwili hasa: mapato yaliyozidi makisio, na fedha za idara ambazo hazikutumika hadi mwaka wa fedha ulipofungwa 30 Juni. Mji unapeleka mizania yake Idara ya Mapato ya jimbo, kitengo cha huduma kwa serikali za mitaa, na mkurugenzi wa hesabu huko anatoa kodi zisizolipwa na mapengo ya mifuko mingine, kisha anathibitisha kiasi. Kabla ya uthibitisho huo, hakuna senti inayoweza kuidhinishwa. Ukishatoka, fedha huru zinapitishwa kwa kura za wingi wa kawaida.

Chungu cha pili ni mfuko wa akiba ya dharura, ambao mji unaujaza wenyewe mwaka hadi mwaka. Kuweka fedha humo kunahitaji wingi wa kawaida tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, lakini kuzitoa kunahitaji theluthi mbili ya kura. Kwa kupunguza kodi ningeuacha. Ni vigumu kupata theluthi mbili, na ukizipata umegusa kitu ambacho wakadiriaji wa mikopo kama Moody's na S&P wanakitazama kwanza.

Cha tatu wengi hawakijui: fungu ambalo wathamini hulitenga kila mwaka kufidia wenye nyumba wanaoshinda rufaa za thamani au kupewa misamaha. Fungu hilo mara nyingi linabaki na ziada. Wathamini wakipiga kura kutangaza kwamba kuna ziada, mkutano wa mji unaweza kuitumia kwa jambo lolote halali, pamoja na kupunguza kodi. Kuuliza hakugharimu kitu: andika barua kwa bodi ya wathamini, uliza salio ni kiasi gani na ziada ilitangazwa lini mara ya mwisho.

Vilivyobaki uviache. Ziada ya idara ya maji na majitaka, kama inaendeshwa kwa mfuko wake, ni ya wateja wa maji. Fedha za hifadhi ya jamii chini ya sheria ya mwaka 2000 ni za maeneo ya wazi, majengo ya kihistoria, nyumba za gharama nafuu na michezo. Mifuko ya shule ina kazi zake.

Hatua ya 1: Pata namba, usitegemee maneno

Unahitaji karatasi tatu. Barua ya uthibitisho wa fedha huru, iliyo kwa mhasibu wa mji. Fomu ya kupanga kiwango cha kodi ya mwaka uliopita, ambayo wenyewe wanaiita recap, na ipo kwa wathamini. Na sera ya fedha ya mji, kama ipo kwa maandishi. Zote ni nyaraka za umma. Karani wa mji atakuelekeza, na huna haja ya kueleza unazitakia nini.

Kitengo cha serikali za mitaa cha Idara ya Mapato pia kinachapisha mtandaoni takwimu za kila mji: fedha huru zilizothibitishwa, mifuko ya akiba, viwango vya kodi, wastani wa bili ya nyumba ya familia moja. Chukua miaka 10 ya mji wako na miji mitatu inayofanana nao. Namba ya mwaka mmoja inaweza kudanganya. Mstari wa miaka 10 unaonyesha kama mji una ziada kwa bahati au kwa mazoea.

Kwenye recap tafuta sehemu ya mapato yaliyoidhinishwa mahsusi kupunguza kiwango cha kodi. Ina mstari wa fedha huru zilizoidhinishwa kabla ya kufika 1 Julai na mwingine wa zilizoidhinishwa baadaye. Kama mistari hiyo ni sufuri kwa miaka yote, mji haujawahi kurudisha kitu kwa njia hii. Kama ina namba kila mwaka, jua kwamba mji tayari unategemea ziada kuendesha bajeti, na mazungumzo yako yatakuwa ya aina nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Uliza ziada ilitoka wapi

Hatua hii inarukwa, na mimi naiona ndiyo ya maana kuliko zote. Dola milioni tatu zinaweza kuwa na historia tatu tofauti.

Zinaweza kuwa za bahati. Baada ya riba kupanda mwaka 2022 na 2023, miji mingi ilipata riba ya benki kuliko ilivyokisia. Fedha za shirikisho za baada ya korona zilibeba gharama ambazo mji ungezibeba wenyewe, na hizo zilitakiwa kuwa zimepangiwa matumizi hadi mwisho wa 2024. Ziada ya namna hii haijirudii.

Zinaweza kuwa za nafasi za kazi zisizojazwa. Polisi watatu hawajaajiriwa, mwalimu kaondoka Oktoba hakupatikana mwingine, mishahara imebaki. Hii inajirudia hadi siku nafasi zinapojazwa.

Au zinaweza kuwa za makisio ya woga. Mji unakusanya dola milioni 4 za kodi ya magari kila mwaka na kila mwaka unakisia milioni 3.2. Tofauti inageuka ziada, ziada inasifiwa kuwa usimamizi bora, na mwenye nyumba amelipa zaidi ya ilivyohitajika. Ukikuta hali hii usiombe punguzo la mara moja. Omba makisio yapandishwe yakaribie hali halisi. Hapo kodi inashuka kwa njia inayodumu, bila kugusa akiba hata kidogo. Uwoga kidogo katika makisio ni busara, lakini tofauti ya asilimia 20 kwa miaka 8 mfululizo inahitaji maelezo.

Ili kujua ni ipi kati ya hizo, chukua mapato kwa mafungu, makisio upande mmoja na makusanyo halisi upande wa pili, miaka mitano. Mhasibu anayo. Karatasi moja ya namna hiyo itakufaa mkutanoni kuliko hotuba ya nusu saa.

Hatua ya 3: Amua nini lazima kibaki

Idara ya Mapato hushauri mji ulenge kuzalisha fedha huru za asilimia 3 hadi 5 ya bajeti yake ya mwaka. Chama cha maofisa wa fedha wa serikali za Marekani, GFOA, kinashauri akiba ya jumla isiyo na kazi maalumu isipungue miezi miwili ya matumizi, yaani kama asilimia 17. Hizi si sheria. Ni vipimo, na kamati ya fedha itavitaja, hivyo uvijue kabla yao.

Sababu za kubakiza kitu ni za kweli. Ya kwanza ni theluji. Sheria inaruhusu mji kutumia kuliko bajeti kwenye theluji na barafu, na pengo lile lisipozibwa linaingizwa kwenye kodi ya mwaka unaofuata. Miji mingi huliziba kwa fedha huru kila masika. Ya pili ni jimbo lenyewe: Januari 2009, katikati ya mwaka wa fedha, Gavana Deval Patrick alikata misaada kwa miji, na mji usio na akiba ulilazimika kupunguza watu kazini huku mwaka unaendelea.

Wapinzani wako watakwambia akiba haiozi. Kwa fedha huru jibu lipo: uthibitisho wake una mwisho. Kisichoidhinishwa kufikia 30 Juni hakiwezi kutumika tena hadi jimbo lithibitishe upya hesabu za mwaka mpya. Hazipotei, zinarudi kwenye hesabu, lakini kila mwaka mji unapaswa kuamua upya.

Katika mji wetu wa mfano, fedha huru ni dola 3,000,000, yaani asilimia 5 ya bajeti. Tuseme theluji na dharura zimetengewa 600,000, na mji una kawaida ya kutumia 1,000,000 kwa magari na matengenezo ya majengo. Zinabaki 1,400,000 za kujadili. Ukiomba zote utashindwa. Ukiomba 900,000 ukaonyesha kinachobaki, utasikilizwa.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mwaka wa pili kabla ya wa kwanza

Mwakani gharama za mji ule zikipanda asilimia 3, mahitaji yanafika dola 61,800,000. Mapato mengine yakiwa 18,300,000, za kukusanya ni 43,500,000. Thamani zisipobadilika, kiwango ni dola 14.50 na bili ya nyumba yetu ni dola 7,250.

Kama mwaka uliopita haikuguswa akiba, bili imetoka 7,000 kwenda 7,250, nyongeza ya asilimia 3.6. Kama ilishushwa hadi 6,850 kisha mwakani hakuna kilichowekwa, nyongeza ni dola 400, asilimia 5.8. Mwenye nyumba hajapoteza, bado ana dola 150 zake za mwaka jana, lakini hakuna anayekumbuka hilo anapofungua bahasha.

Dawa yake ni ngazi. Weka dola 900,000 mwaka wa kwanza, 600,000 wa pili, 300,000 wa tatu, halafu basi. Mwaka wa pili bili inakuwa dola 7,150 badala ya 7,250, na mruko unapungua makali. Jumla ni dola 1,800,000 kwa miaka mitatu, na mji una muda wa kurekebisha makisio katikati. Mkutano wa leo hauwezi kuifunga kura ya mwakani, kwa hiyo ngazi hii iandikwe kama sera ya baraza la mji (Select Board, viongozi wachache waliochaguliwa kuuendesha mji), si kama amri ya mkutano.

Hatua ya 5: Jua ukomo wa kodi unavyofanya kazi

Novemba 1980 wapiga kura wa Massachusetts walipitisha Proposition 2½. Inaweka ukomo wa jumla ya kodi ya mji, na ukomo huo hauwezi kupanda zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka, ukiongeza kodi ya majengo mapya, isipokuwa wananchi wapige kura kuvuka ukomo huo.

Watu wanaogopa kwamba mji ukitoza chini ya ukomo mwaka huu, umejifunga miaka yote ijayo. Ni kosa, na utalisikia mkutanoni kutoka kwa watu wanaoheshimika. Ukomo wa mwakani unapigwa kutoka ukomo wa mwaka huu, hautokani na kilichotozwa. Kama ukomo wa mji wetu ni dola 43,000,000 na umetoza 41,100,000 tu, ukomo wa mwakani ni 43,000,000 mara 1.025, yaani 44,075,000, kabla hata ya majengo mapya. Zile 43,500,000 zinazohitajika zinaingia bila shida. Ingekuwa inapigwa kutoka 41,100,000, ukomo ungekuwa 42,127,500 na mji ungekwama. Andika hesabu hizi mbili kwenye karatasi moja, zichape nakala, wagawie watu mlangoni.

Hatari iko kwingine. Mji ambao tayari unatoza hadi ukomo na bado unatumia fedha huru kulipa mishahara hauna kodi ya kushusha, una pengo. Huko ziada inaficha tatizo, na anayeomba punguzo anaomba mwalimu aachishwe kazi mwaka unaofuata. Recap itakuonyesha: linganisha kodi iliyotozwa na ukomo. Zikikaribiana sana, pita moja kwa moja hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Fikiria kupunguza deni badala ya bili

Tuseme mji unataka gari la zimamoto la dola 800,000 na mpango ni kukopa kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 4, ukilipa mtaji, yaani deni lenyewe bila riba, sawasawa kila mwaka. Mwaka wa kwanza peke yake ni dola 80,000 za mtaji na 32,000 za riba. Riba ya miaka yote 10 inafika dola 176,000. Ukilipa taslimu kutoka fedha huru, nyumba yetu ya dola 500,000 inaepuka karibu dola 19 mwaka wa kwanza, na kiasi kinachopungua polepole miaka 9 inayofuata.

Haina mvuto wa dola 150 kwa mkupuo. Lakini fedha za mara moja zimelipia kitu cha mara moja, hakuna mruko mwakani, na dola 176,000 hazikwenda kwa wakopeshaji. Mimi ningegawa: sehemu kwenye bili, sehemu kwenye deni. Hoja yenye vyote viwili pia hupata kura kutoka pande mbili.

Hatua ya 7: Panga kalenda

Kuna madirisha mawili. La kwanza ni vuli: mji unathibitishiwa fedha huru, unaitisha mkutano maalumu, kisha kiwango cha kodi kinapangwa, mara nyingi Novemba au Desemba. Kura ikipita kabla ya kiwango kupangwa, inaonekana kwenye bili ya mwaka huohuo wa fedha. Kwa miji inayotoza kwa robo mwaka, bili mbili za kwanza ni za makadirio. Bili halisi ni ya Januari, na punguzo lote linaingia kwenye bili mbili za mwisho.

La pili ni mkutano mkuu wa masika. Hapo fedha zilizobaki kutoka uthibitisho wa vuli zinaweza kuidhinishwa kabla ya 30 Juni kupunguza kodi ya mwaka mpya unaoanza 1 Julai. Ukichelewa yote mawili, subiri uthibitisho mwingine.

Hatua ya 8: Ingiza hoja kwenye hati ya wito

Mkutano wa mji hauwezi kupigia kura jambo lisilo kwenye hati ya wito (warrant), yaani tangazo la mkutano lenye orodha ya hoja. Njia rahisi ni kuliomba baraza la mji liliweke lenyewe. Likikataa, saini za wapiga kura 10 walioandikishwa zinatosha kuingiza hoja katika mkutano mkuu wa mwaka. Kwa mkutano maalumu ulioitishwa tayari, zinahitajika 100 au asilimia 10 ya wapiga kura, yoyote iliyo ndogo. Kulilazimisha baraza kuitisha mkutano maalumu, 200 au asilimia 20 ya wapiga kura, yoyote iliyo ndogo.

Kusanya zaidi ya kiwango. Saini zinakaguliwa dhidi ya daftari la wapiga kura, na aliyehama mtaa au kuandika jina tofauti na lililo daftarini anaweza kuondolewa. Kwetu hili ni la kawaida kuliko tunavyodhani: daftarini yuko kwa majina matatu, kwenye karatasi kaandika mawili.

Maneno ya hoja yaandikwe kwa Kiingereza, na mwanasheria wa mji au karani ayapitie. Maana yake iwe hivi: kuona kama Mji utaidhinisha kiasi cha fedha kutoka fedha huru zilizothibitishwa, kwa ajili ya kupunguza kiwango cha kodi cha mwaka wa fedha fulani. Usiandike namba ndani ya hoja. Sema "kiasi cha fedha". Namba itajwe mkutanoni, kwenye pendekezo. Hivyo ikibidi kushuka kutoka 900,000 hadi 500,000 ili ipite, hakuna atakayesema umetoka nje ya wito.

Mpangilio nao una uzito. Hoja za kutumia fedha huru zinapigiwa kura moja baada ya nyingine, na ya kodi mara nyingi inawekwa mwisho. Ikifika zamu yake, gari, paa la shule na bustani vimeshakula chungu. Muulize karani itakuwa ya ngapi, na uwe na salio la kila hatua mkononi.

Hatua ya 9: Kamati ya fedha, kisha ukumbi

Kamati ya fedha haina mamlaka ya kupitisha, inashauri tu, lakini pendekezo lake linachapwa chini ya hoja yako na wengi wanapiga kura kwa kulifuata. Omba kuonana nayo wiki kadhaa kabla. Nenda na karatasi mbili: ziada ilivyotokea kwa miaka mitano, na bili ya mwaka wa kwanza na wa pili. Wakikuuliza "mwakani itakuwaje?" na una jibu la namba, umeshatofautiana na waliokuja kulalamika.

Ukumbini, raia aliyejiandikisha ndiye anapiga kura. Mwenye green card analipa kodi ileile na kura hana, lakini mwenyekiti wa mkutano anaweza kumruhusu azungumze. Mwandikie karani mapema. Waambie pia wapangaji ukweli: hakuna kinacholazimisha mwenye nyumba kushusha pango kodi ikishuka.

Miji mingine, kwa mfano Chelmsford, ina mkutano wa wawakilishi waliochaguliwa, na huko unazungumza na wawakilishi wa kata yako wiki kadhaa kabla. Kwenye majiji kama Lowell, Worcester na Springfield hakuna mkutano wa mji kabisa. Madiwani wanaweza kupunguza bajeti lakini pendekezo la kutumia fedha huru linatoka kwa meya au meneja wa jiji, na huko ndiko pa kubisha hodi.

Walio New Hampshire, kwenye jamii ya Wakongo wa Manchester na Concord, wakinunua nyumba miji ya jirani watakuta utaratibu mwingine: mkutano wa mji ni Machi, jimbo linapanga kiwango vuli, na wakati huo baraza la mji ndilo linaamua kiasi cha salio la kushushia kodi. Kikao chake cha vuli ni cha kuhudhuria kuliko mkutano wa Machi. Maine, hoja ya kutumia ziada kupunguza kodi huja kwenye hati ya wito ya miji mingi kama jambo la kawaida.

Hatua ya 10: Hakikisha imefika kwenye bili

Kiwango kikishapangwa, omba recap mpya kwa wathamini utazame ule mstari. Kisha chukua bili ya Januari. Usishangae kama imepanda pamoja na kura kupita: wathamini hurekebisha thamani kila mwaka, na kama nyumba yako imepanda kuliko wastani wa mji, fungu lako la mzigo limekua. Linganisha thamani yako ya mwaka jana na ya sasa, na za nyumba zinazofanana na yako mtaani. Ukiona imezidi, rufaa ya thamani katika miji ya robo mwaka kwa kawaida mwisho wake ni 1 Februari, siku ileile bili halisi ya kwanza inapodaiwa. Ukipitisha tarehe hiyo hata kwa siku moja, wathamini hawana mamlaka ya kukusikiliza.

Wazee, wajane na maveterani waulize hapohapo kuhusu misamaha yao, ambayo mwisho wake huwa 1 Aprili. Kwa mzee mwenye kipato kidogo, msamaha mmoja unaweza kuzidi punguzo lote la ziada ya mji.

Na kama una mkopo wa nyumba, kodi inalipwa na benki kutoka akaunti inayokusanya kidogo kidogo kila mwezi pamoja na rejesho lako. Rejesho halitashuka mwezi ule. Benki hupitia akaunti hiyo mara moja kwa mwaka. Ukitaka ifanye mapema, itumie nakala ya bili mpya na uombe hesabu ipigwe upya.